Nishani Haizibi Tundu: Mkasa wa Meli za Mvuke za Bob-Lo

Mwaka 1992 serikali ya Marekani ilizitangaza meli mbili za mvuke za Detroit, Columbia na Ste. Claire, kuwa Alama za Kihistoria za Taifa. Hiyo ndiyo heshima kubwa kuliko zote ambayo nchi ile huipa mali ya kale. Tangazo lilipotoka, meli zote mbili zilikuwa zimefungwa gatini tangu Septemba ya mwaka uliotangulia, hazina abiria wala kazi. Bustani ya burudani zilizokuwa zikiihudumia nayo ilikuwa imebakiza msimu mmoja baada ya ule. Julai 2018 Ste. Claire iliungua moto pale pale Detroit, ikabaki chuma kitupu. Columbia ilivutwa hadi Buffalo mwaka 2015 na kufungwa kwenye mto wa mji huo, chini ya maghala ya nafaka ambayo nayo yamepitwa na wakati.

Watu wa Detroit wakizungumzia meli hizi huanza na kumbukumbu: bendi, dansi, king'ora, watoto wanaolala mapajani mwa mama zao wakati wa kurudi usiku. Siwalaumu. Ila naona kumbukumbu hizo ndizo zilizowafanya wengi waamini kwamba meli inayopendwa na watu wengi hivyo lazima itaokoka. Wanaosoma mambo ya meli za matembezi za Amerika Kaskazini wanajua jinsi imani hiyo ilivyoponza meli nyingi. Zilizopona zilinunuliwa mapema, moshi ukiwa bado unatoka au umetoka juzi tu, na aliyezinunua alikuwa na njia ya kuzirudisha kazini. Zilizongoja zipendwe kwanza zimekufa, au ziko njiani.

Tuanze na meli zenyewe. Columbia ilijengwa mwaka 1902 katika yadi ya Wyandotte, Michigan, na Ste. Claire mwaka 1910 huko Toledo, Ohio. Aliyezichora zote mbili alikuwa Frank E. Kirby, mhandisi aliyekuwa na jina kuliko wote kwenye Maziwa Makuu ya kule. Columbia ina urefu wa mita 66 hivi, Ste. Claire mita 60, na kila moja ilibeba abiria wapatao 2,500. Hazikuwa na vyumba vya kulala, kwa sababu safari ilikuwa ya saa moja na nusu hivi: kuteremka Mto Detroit hadi kisiwa cha Bois Blanc upande wa Kanada, kisiwa ambacho ndimi za wenyeji zilikwisha kukigeuza Bob-Lo. Nafasi ambayo meli nyingine ingeitumia kwa vitanda na shehena, Kirby aliifanya ukumbi wa dansi, sitaha nzima, hewa ikipita pande zote.

Chini ya ukumbi huo ilikaa mashine ya mvuke ya silinda tatu. Mvuke kutoka kwenye boila huingia kwanza silinda ndogo ukiwa na nguvu zake zote, kisha hupita silinda ya kati, kisha ile kubwa, ukisukuma pistoni mara tatu kabla ya kupozwa na kurudi kuwa maji. Kirby aliacha uwazi sitahani ili abiria waitazame ikifanya kazi. Mtoto wa mfanyakazi wa kiwanda cha magari angeweza kusimama pale na kuona mtaimbo wa chuma mnene kuliko paja la mtu ukipanda na kushuka bila makelele. Ukiniuliza, hicho ndicho kitu cha thamani kuliko vyote ndani ya meli hizi. Vioo na ngazi za mbao nzuri zinaweza kuchongwa upya na fundi yeyote mwenye mkono mwepesi.

Jambo moja husahauliwa: meli hizi hazikuwa pambo la bustani. Meli ndiyo iliyoizaa bustani. Kampuni ya vivuko vya Detroit, Belle Isle na Windsor ilifungua burudani kisiwani mwaka 1898 ili watu wawe na sababu ya kukata tiketi. Biashara ya namna hii ilienea kote kwenye maziwa na mito ya Marekani. Mwenye chombo hutafuta ufukwe, huweka farasi wa kuzunguka, mikahawa na vigari vya reli vya kupanda na kushuka, halafu huwauzia watu wa mjini siku moja ya kukimbia joto na moshi. Chombo kikiwa njia pekee ya kufika, mauzo yamehakikishwa.

Ndiyo maana mpango huu ulidumu Bob-Lo muda mrefu kuliko karibu kila mahali. Bob-Lo ni kisiwa. Gari haliwezi kukifikia. Tena maji ya Mto Detroit ni baridi na hayana chumvi, na msimu ulikuwa wa miezi michache tu, basi chuma kilichochoka upesi baharini hapa kilipumzika kila majira ya baridi. Columbia ilifanya kazi miaka 89. Mwaka 1983, kwa kichekesho ambacho Detroit pekee, mji wa viwanda vya magari, ingeweza kukitunga, bustani na meli zake zilinunuliwa na klabu ya wenye magari ya Michigan. Mwaka 1988 zikauzwa tena kwa kampuni ya burudani. Safari za mwisho zilikuwa Septemba 1991. Bustani ilijikongoja kwa boti ndogo mpaka 1993, ikafungwa, na kisiwa kikageuzwa mahali pa nyumba za watu wenye uwezo.

Hapo ndipo nishani inapoingia, na hapo ndipo ningependa msomaji asidanganyike na ukubwa wa jina lake. Kuwa Alama ya Kihistoria ya Taifa hakumzuii mmiliki binafsi, akitumia fedha zake mwenyewe, kuiacha mali yake ioze au hata kuibomoa. Hakuleti mlinzi, hakuleti pampu ya kutoa maji. Kunafungua mlango wa kuomba ruzuku, na mlango huo una foleni ndefu. Kulikuwa na meli nyingine ya matembezi, President, ya Mto Mississippi, yenye heshima hiyo hiyo. Ilifumuliwa vipande vipande ili ijengwe upya nchi kavu iwe hoteli. Haikujengwa, na heshima ikafutwa.

Wakati huo meli iliyofungwa huendelea kugharimu. Hili ndilo wapenzi wengi hawalipigii hesabu. Meli inayosafiri ina watu ndani yake kila siku: wa kuona tone la maji darini, wa kupaka grisi, wa kusikia mlio usio wa kawaida. Ikisimama, paa huvuja, maji hushuka sitaha hadi sitaha, mbao hulainika. Majira ya baridi maji yaliyosahauliwa kwenye mabomba huganda na kuyapasua. Boila huliwa na kutu kutoka ndani, mahali ambapo macho hayafiki. Bado unalipa gati, bado unalipa bima ukipata wa kukukatia, na hukusanyi hata senti moja ya nauli. Miaka kumi ya kusimama huharibu zaidi ya miaka arobaini ya kazi.

Mji wa Buffalo, ambako Columbia imelala leo, umeshawahi kuuona mchezo huu mpaka mwisho. Meli yao ilikuwa Canadiana, ya mwaka 1910, iliyopeleka watu Crystal Beach, bustani ya burudani ng'ambo ya Ziwa Erie. Iliacha njia hiyo mwaka 1956, msimu ulioanza kwa mapigano ya vijana weusi na weupe mwishoni mwa mwezi Mei, bustanini na ndani ya meli yenyewe. Kisha ikahamahama, ikazama gatini, ikaibuliwa. Katika miaka ya 1980 wananchi wa Buffalo wenye moyo waliinunua na kuirudisha nyumbani. Ikapelekwa Port Colborne, Kanada, kwa matengenezo, fedha zikakatika, na mwaka 2004 ikakatwakatwa kuwa chuma chakavu. Mashine yake na vipande kadhaa vilihifadhiwa. Waliojitolea walijitahidi miaka ishirini, wengine wakazeeka katika kazi hiyo. Sioni walichokosea zaidi ya hiki: waliipokea meli iliyokwisha kusimama karibu robo karne.

Sasa tazama Louisville, Kentucky. Meli ya gurudumu la nyuma iliyojengwa Pittsburgh mwaka 1914 kwa jina la Idlewild ilifanya kazi za kila namna, ikiwamo kubeba watu kwenda bustani za burudani za kando ya Mto Ohio. Baadaye ikaitwa Avalon, ikazunguka mito ya katikati ya Marekani ikiuza matembezi ya jioni mpaka kampuni yake ikafilisika. Mwaka 1962 iliwekwa mnadani. Marlow Cook, aliyekuwa mkuu wa serikali ya wilaya, aliinunua kwa dola 34,000 za walipa kodi, na wako waliomcheka na waliomshutumu kwa kutupa fedha za umma mtoni. Aprili 1963, ikiwa na jina jipya la Belle of Louisville, ilishindana na meli nyingine ya mvuke, Delta Queen, katika wiki za sherehe za mbio za farasi za Kentucky. Inasafiri mpaka leo.

Mambo matatu yalikutana hapo. Meli ilikuwa imetoka kazini muda mfupi tu. Mnunuzi alikuwa serikali, yenye mkoba ambao haufi mtu mmoja akifa. Na tangu mwaka wa kwanza ilikuwa na tarehe kwenye kalenda ambayo mji mzima huingoja. Hata mtu alipofungua maji yaingie ndani yake mwaka 1997 ikazama nusu gatini, hakukuwa na mjadala kama iibuliwe au la. Ilikuwa mali ya mji, ikaibuliwa, ikatengenezwa.

Kwa wasioamini serikali, kuna Waverley ya Scotland, meli ya magurudumu ya ubavuni ya 1946 iliyowapeleka watu wa Glasgow kutembea miji ya ufukweni. Wamiliki wake waliiuza kwa pauni moja kwa chama cha wapenzi wa meli mwaka 1974, na mwaka 1975 ilikuwa majini ikibeba abiria. Ilipoharibika boila mwaka 2019 umma ulichangishwa na boila mpya zikafungwa. Ni rahisi kumwomba mtu mchango kwa meli aliyoipanda kiangazi kilichopita. Kumwomba kwa meli aliyoisikia kwa babu yake ni kazi nyingine kabisa.

Columbia ilipata mwokozi wake mwaka 2006, miaka kumi na mitano baada ya safari ya mwisho. Mradi uliundwa New York kwa lengo la kuirudisha kazini kwenye Mto Hudson. Mwanzilishi wake alifariki mwaka 2013 kabla meli haijasogea hata hatua. Mwaka 2014 ikavutwa hadi chelezo la Toledo, mabamba mabovu ya chini yakabadilishwa, na mwaka uliofuata ikafika Buffalo. Kazi ya chelezo ilikuwa halisi, wala si ya kupaka rangi kwa ajili ya picha. Bila hiyo ingeweza kuzama popote. Lakini kutoka Buffalo hadi Hudson hakuna njia ya mkato, maana ni pana mno kwa Mfereji wa Erie, unaounganisha sehemu hizo mbili. Ni lazima ipite Mto St. Lawrence, itoke Bahari ya Atlantiki, izunguke pwani ya mashariki ya Kanada na kushuka hadi New York. Safari hiyo kwa meli ya mtoni ya mwaka 1902 inahitaji maandalizi na bima za kumtoa jasho mhasibu.

Watu wa Detroit wamelalamika sana kwamba meli yao imeibwa. Naelewa uchungu huo lakini siukubali. Meli ilikaa karibu nao miaka zaidi ya ishirini. Hapakuwa na baraza la mji, tajiri wala kampuni ya magari iliyoweka mezani fedha za kuirudisha kazini. Detroit ya miaka ile ilikuwa ikielekea kufilisika, na ikatangaza kufilisika kweli mwaka 2013. Haikuwa na haja ya kuambiwa inunue meli. Basi aliye na abiria, na mto wenye vijiji vya kuvutia kandokando, ana haki ya kujaribu. Meli ya Detroit inayotembea Hudson ni bora kuliko meli ya Detroit iliyolala Detroit.

Ste. Claire ndiyo iliyobaki nyumbani, mikononi mwa watu binafsi walioipenda kwa dhati na kutumia fedha zao. Moto wa 2018 uliilipukia ikiwa katika matengenezo. Cheche za kuchomelea chuma ndizo zilizotajwa kuwa chanzo. Mbao kavu za zaidi ya miaka mia, rangi juu ya rangi, upepo wa mtoni. Wanaosimamia ukarabati wa meli za kale wanajua kwamba saa ya hatari kuliko zote ni pale fundi anapowasha mtungi wa gesi ndani ya chombo kisicho na mabaharia wa zamu na mabomba ya maji yenye presha. Meli hai ina watu hao. Meli mfu ina mlinzi mmoja getini, akiwepo.

Moto unanilazimisha kugusa suala ambalo wapenzi hulikwepa. Sheria kali za usalama ambazo huwa tunazilaumu kwa kuua meli za mbao hazikutoka hewani. Mwaka 1904 General Slocum, ikiwapeleka matembezi waumini wa kanisa moja la Wajerumani wa New York, iliungua na kuua zaidi ya watu 1,000, wengi wao wanawake na watoto. Mwaka 1915 Eastland ilipinduka Chicago ikiwa bado imefungwa gatini, imejaa wafanyakazi waliokuwa wakienda pikiniki, walikufa 844. Mwaka 1949 Noronic iliungua usiku katika bandari ya Toronto na kuua watu zaidi ya mia moja. Mtu yeyote anayetaka Columbia ibebe watu tena lazima akubali vizuia moto, milango ya dharura na idadi ya abiria iliyo ndogo kuliko ile 2,500 ya zamani. Wako watakaosema hapo uhalisi umepotea. Mimi nasema mbao mpya zisizoshika moto haziondoi uhalisi wa mashine inayozunguka.

Na kuna abiria mmoja ambaye bila yeye sioni kwa nini mtu asiye wa Detroit achangie hata dola moja. Juni 1945 Sarah Elizabeth Ray alipanda Columbia pamoja na wasichana wenzake wa darasa la ukatibu muhtasi. Tiketi ilikuwa senti 85. Katika kundi lile mweusi alikuwa yeye peke yake. Maofisa wa kampuni walimfuata sitahani wakamtaka ashuke. Kampuni ilikuwa na sera ya kuwakataa wahuni na wafanya fujo, na katika sera hiyo hiyo iliwakataa watu weusi. Alishuka, akashtaki. Mahakama ya Michigan ikaitoza kampuni faini ya dola 25 kwa kuvunja sheria ya haki za raia ya jimbo.

Faini ya dola 25 ingelipwa na kusahauliwa. Kampuni ilikata rufaa mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani kwa hoja ya kijanja: kwa kuwa meli inakwenda Kanada, biashara yake ni ya kimataifa, na jimbo halina mamlaka ya kuiambia imchukue nani. Nyuma yake kulikuwa na uamuzi wa mahakama hiyo hiyo wa 1878, uliohusu meli ya mvuke ya Louisiana, ambao ulikuwa umetupa sheria ya jimbo iliyokataza ubaguzi kwa hoja inayofanana na hiyo. Februari 1948 majaji walimkatalia mwenye meli, saba kwa wawili. Walisema kisiwa kile kwa vitendo ni kitongoji cha Detroit tu: huwezi kukifikia kutoka Kanada kwa njia ya kawaida, na abiria wote wanatoka na kurudi Michigan. Thurgood Marshall, wakili wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, alikuwa miongoni mwa waliomsaidia upande wa Ray. Miaka sita baadaye alishinda kesi iliyovunja ubaguzi mashuleni. Ray alifariki mwaka 2006, mwaka ule ule Columbia iliponunuliwa, na watu wengi waliocheza dansi kwenye sitaha ile hawakuwahi kulisikia jina lake.

Kwa hiyo sikubaliani na ukarabati unaouza "siku njema za zamani" peke yake. Siku hizo zilikuwa njema kwa walioruhusiwa kubaki ndani. Pia, kibiashara, kumbukumbu ina tarehe ya kuisha: aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1991 amekwisha kuvuka hamsini. Kesi ya Ray haizeeki namna hiyo. Wanafunzi wa sheria wa jimbo lolote wanaweza kuletwa kwenye sitaha ile na kuonyeshwa mahali jambo lilipotokea, meli ikiwa inatembea.

Mtu akinipa hundi ya kwanza ya mradi huu leo, sitaipeleka kwa wapaka rangi wala kwa wachora nembo. Mashine ya Columbia haijabeba abiria tangu 1991. Fundi aliyekuwa na miaka thelathini siku ile, aliyejua ni vali ipi inayokwama asubuhi za baridi na namna ya kuijibu kengele ya nahodha, sasa amevuka sitini. Louisville hawana shida hiyo, kwa sababu kila msimu kijana anasimama karibu na mzee kwenye chumba cha mashine. Fedha za kwanza ziende kuwatafuta wale wachache waliobaki, wawekwe mbele ya ile mashine pamoja na vijana wenye daftari na kamera, walipwe kwa siku kama mafundi wanavyolipwa, na kazi hiyo ifanyike Buffalo, kabla ya mjadala wa meli itakwenda mto gani.